Mwaka Tuliomwoza Nyamwiza

Jumamosi iliyopita nilimwona Nyamwiza mjini Kasulu. Yeye hakuniona, na simlaumu, maana Nyamwiza ni lori. Tulikuwa tumetoka Kibondo na timu ya mdahalo ya shule, kwenda kubishana na wenzetu wa Kasulu kama mambo ya kisasa yana faida zaidi kuliko hasara. Mimi nilikuwa msemaji wa pili upande wa faida. Nilizitaja faida zote nilizopewa, nikaongeza za kutunga mwenyewe, ukumbi ukacheka, majaji wakacheka, halafu wakawapa ushindi watu wa hasara. Nikatoka nje kutafuta maandazi ya kujifariji. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, vijana walikuwa wanashusha saruji kutoka kwenye Fuso la bluu. Bluu ile ya kampuni, malori yakifuatana unadhani yanaenda paredi. Ila hili, kwenye paji la uso, chini ya jina la kampuni, herufi nyeupe za zamani zilikuwa zinachungulia kama shimizi chini ya gauni jepesi: N, Y, A. Na mlango wa kushoto ulikuwa na bonde ninalolijua. Alilichimba ng'ombe mmoja wa Gwarama kwa kichwa chake, na hakuomba radhi. Nikasimama na andazi mdomoni. Mwalimu wetu akaniita kutoka kwenye basi, "Jeni, unaomba lifti?" Nikamjibu, "Hapana mwalimu, huyu ni ndugu yangu." Basi zima likaangua kicheko. Ndiyo shida ya kuwa mchekeshaji: siku ukisema kweli wanakupigia makofi.

Sasa niko kidato cha nne, umri ambao mtu anaanza kuruhusiwa kusema "enzi zile". Enzi zile nilikuwa kidato cha pili na nilikaa kwa baba mdogo Zabroni, Kibondo, nyuma ya soko. Nilifikaje pale, ukoo wetu ulivukaje mpaka kutoka Burundi, nani alizaliwa kambini na nani njiani, hayo waulizeni wazee. Wakianza hawamalizi, na mimi nina mtihani wa taifa. Ninachotaka kueleza ni sebule. Ilikuwa na makochi yaliyovaa vitambaa vya kufuma, ambavyo ukiviegemea mama mdogo anakohoa. Kalenda ya mwaka uliokwisha, iliyobakizwa kwa sababu ya picha ya maporomoko. Na kabati la vyombo ambalo juu yake, katikati ya vikombe vya wageni na maua ya plastiki, ilikaa pampu ya maji ya Nyamwiza, mbovu, imesuguliwa ikang'aa. Baba mdogo alisema chuma kilichokutumikia hakitupwi. Dirisha lilitazama uani, na uani ndipo Nyamwiza alipolala. Akiwa nyumbani bodi lake lilijaa dirishani, sebule ikawa giza hata mchana, tukasoma kwa tochi ya simu. Akiwa safarini mwanga uliingia mpaka chini ya makochi. Kwa hiyo kwetu giza lilikuwa habari njema. Ukitoka shule ukakuta sebule nyeupe, ulijua baba yuko barabarani na chakula ni mboga za majani. Ukikuta giza, ulijua amerudi, na kama Mungu alikuwa na nafasi siku hiyo, kuna migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika.

Mwaka ule giza likazidi. Nyamwiza alishinda uani siku baada ya siku, na migebuka haikuja. Mizigo ya mahindi na saruji ilianza kuchukuliwa na malori ya kampuni, yale ya sare, na wenye gari moja moja wakabaki stendi wakicheza drafti. Tena Nyamwiza mwenyewe alikuwa amechoka. Matairi yalikuwa vipara, injini ilitoa moshi, na kila mlima aliupanda kama mlokole aliyetenda dhambi, anatubu njia nzima. Ndipo likaja neno kwamba kampuni moja ya mbali inakubali magari ya watu binafsi. Unaliingiza gari lako kwao, linabaki kwa jina lako, unaliendesha mwenyewe, lakini wao ndio wanaokupa mzigo na mafuta. Wanafungua injini, wanafunga matairi mapya, halafu wanajilipa taratibu kutoka kwenye mapato. Basi tukawa na swali moja lililolala nasi na kuamka nasi: Nyamwiza abaki wetu na njaa yake, au aende akashibe na asiwe wetu sana?

Jioni moja Bibi, mama yake baba mdogo, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo hapo sebuleni, akasema tumemchosha masikio, tuache kelele tupime. Mekundu yawe faida, ya njano yawe hasara. Kila mwenye neno aliseme, yeye ataweka punje.

"Matairi mapya," mama mdogo akaanza, kana kwamba alikuwa anaisubiri nafasi hiyo tangu aolewe.

Bibi akaweka jekundu.

"Injini. Na mzigo kila wiki," akaendelea, akimtazama mumewe. "Baba Elia hatashinda tena stendi na watu wasio na magari."

"Wana magari," baba mdogo akasema. "Mabovu tu."

Mekundu mengine mawili. Mama mdogo akaegemea kochi, tena juu ya kitambaa chake mwenyewe.

"Wanampaka rangi yao," baba mdogo akasema. Njano. "Jina wanalifuta." Njano. Akaitazama ile pampu kabatini. "Na hakuna kubeba mtu. Mkinipungia mkono barabarani, nitawapita."

"Mimi utanipita?" Bibi akauliza.

"Mkataba unasema hakuna abiria, Mama."

Bibi akafikiri kidogo, akaweka mbili za njano, moja kwa ajili ya mkataba na moja kwa ajili yake.

Mimi nikatupa kitu cheusi kwenye ungo. Akauliza hiyo ni nini. Nikamwambia hilo ni jiwe, Bibi, lilikupita. Alinipiga kibao cha bega ambacho nakikumbuka kwa upendo.

Mpangaji wetu, Mwalimu Mrisho, alikuwa mlangoni na sahani yake. Alikuwa mtu wa Tanga, serikali ilimleta kufundisha huku na hakuwahi kuisamehe mvua yetu. Kiswahili chake kiliteleza kama mlenda. Chetu hupanda mlima kwa gia ya kwanza. Alikuwa ameusoma mkataba wote kwa sababu baba mdogo alimwomba. "Mie naweka moja ya njano, tena chagueni kubwa," akasema. "Ukurasa wa mwisho. Gari likisimama bila ruhusa ya kampuni, kampuni inalichukua, inalifanyisha kazi mpaka gharama zake zirudi. Na gharama zinahesabiwa na nani, Bwana Zabroni? Na wao wenyewe. Hapo mtu asitie sahihi usiku mmoja."

Kila mtu alisikia. Nalisema hili kwa sababu siku hizi watu wa mtaani wanasema baba mdogo hakusoma, alidanganywa. Alisomewa, kwa sauti ya Tanga, polepole, na mimi nilikuwepo. Lakini maji yalikuwa yanachemka jikoni, na kabla punje hazijahesabiwa mama mdogo akaja, akauchukua ungo, akayamimina yote sufuriani. Tulikula faida na hasara pamoja, kwa mawese na ugali wa muhogo. Sikuona tofauti ya ladha.

Aliyeamua ni Bibi, akiwa ananawa mikono. "Mnahangaika bure," akasema. "Hili jambo si geni. Hii ni kuoza." Akaeleza, na alivyoeleza hata mimi nikaona ni kweli. Binti anaondoka kwenu, anavaa nguo za kwao, analishwa na wao, anafanya kazi ya kwao, lakini damu yake ni yenu. Akitunzwa, heri. Akionewa, anarudi kwao. Anakaa kwa wazazi, na mume anakuja na wazee na pombe ya ndizi, anakemewa, anaomba radhi, anarudishiwa mke wake. Ndivyo ilivyo tangu zamani. "Na hayo maneno makali ya ukurasa wa mwisho?" Mwalimu Mrisho akauliza. Bibi akamcheka kwa huruma. Alimwuliza kama Tanga hawaposi. Siku ya posa, akasema, kila upande unatoa maneno makali: tutamchukua, hamtamwona, mbuzi wenu wamekonda. Ni desturi. Hakuna mtu anayeondoka pale akidhani yalisemwa ili yafanyike. Baba mdogo akatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule. Nadhani hakuwa anatafuta jibu zuri. Alikuwa anatafuta jibu analolijua.

Kijana wa kampuni alikuja na mkoba wa kompyuta na viatu vyenye ncha ya kuchokonolea meno. Aliitwa Fredi. Akala kuku, akasifu mawese, na kwa kila alichoulizwa alijibu, "Hakuna shida, mzee." Je, Nyamwiza akipata tatizo, mtakuja tuzungumze? Hakuna shida, mzee. Baba mdogo akatia sahihi juu ya meza ile ile yenye mifupa. Wakafunga kifaa kidogo chini ya dashibodi, cha kuwaonyesha ofisini gari liko wapi, na wakitaka wanalizima huko huko waliko. Mimi nikakipa jina la Shemeji: anakaa ndani ya nyumba, halipi chochote, na kila kitu anakisema kwao. Jina likashika. Hata Bibi alikuwa anauliza, "Shemeji ameamkaje?"

Na nisiwe mnafiki, miezi ya kwanza ilikuwa mitamu. Nyamwiza alirudi na matairi meusi yenye meno, injini inakoroma kama mtu aliyeshiba, bluu mpaka macho yanauma. Mama mdogo alinunua makochi mapya na vitambaa vipya vya kutovilalia. Nikawa napiga picha naye na kuweka mtandaoni, mguu mmoja kwenye ngazi, kama mwenye mali. Lakini baba mdogo alianza kurudi bila maneno. Zamani alikuwa anakuja na habari za Nyakanazi yote. Sasa anakula, ananawa, anatazama kalenda ya maporomoko. Nikiwa nasoma namsikia chumbani akimwambia mama mdogo, kwa Kiha, taratibu. Huku kwetu salamu ni kazi kamili. Mnapigiana makofi ya upole, mwakeye, na nyumbani, na watoto, na ng'ombe, hata kama ng'ombe huna. Kule kwenye bohari ya kampuni alikuwepo kijana mmoja wa kugawa mizigo ambaye hakumsalimu hata siku moja. Alimwita "wewe wa bluu", na wote ni wa bluu. Alimwacha alale kwenye kichwa cha gari Kasulu karibu wiki nzima akisubiri mzigo, wakati nyumbani ni safari ya asubuhi tu, na akikaribia kugeuza gari simu inalia: mzee, tunakuona. "Sijali mimi," nilimsikia akisema. "Ila yeye wanamtwika. Wanamtwika, Mama Elia, kama hana kwao."

Siku Nyamwiza alipochemka, alikuwa mlimani, akitoka Kasulu na mzigo ambao baba mdogo alikataa upakiwe na ukapakiwa. Moshi mweupe, maji yote nje. Baba mdogo akapiga simu kampuni. Akaambiwa, "Weka maji, twende." Akaweka maji. Mzigo wa watu hauna kosa, kwa hiyo aliufikisha ulikokuwa unakwenda, ukashushwa wote. Kisha akageuza gari, akaja nyumbani.

Nilitoka shule nikakuta sebule giza. Nikafurahi, mjinga mimi, nikawaza migebuka. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, amejifunga kitenge cha kanisani siku isiyo ya kanisa. "Yahukanye," akaniambia, neno letu la mke aliyemwacha mume na kurudi kwao. Uani baba mdogo alikuwa anamwosha Nyamwiza kwa ndoo na sabuni ya unga, matairi, vioo, bonde la ng'ombe. Asubuhi yake alijaribu kumwasha asogee kidogo, hakuwaka. Shemeji amesema kwao, wamemzima. Nikasema, "Baba, wamekasirika." Akajibu, "Vizuri. Mume aliyekasirika bado anamtaka mke."

Tukakaa kusubiri. Baba mdogo aliwaita wazee wawili wa ukoo kutoka Gwarama, wakaja, wakalala, wakala, wakapanga maneno. Nani aanze kusema, nani anyamaze ili kunyamaza kwake kuumize. Walibishana siku nzima kuhusu faini: pombe ya ndizi ndiyo desturi, lakini sisi ni walokole, basi ikaafikiwa kreti la soda. Simu zilikuja kutoka kampuni, na ujumbe, halafu ujumbe mrefu zaidi. Baba mdogo hakujibu, kwa sababu baba wa binti hazungumzi na mkwe kwa simu, mkwe anakuja. Mwalimu Mrisho alisoma ule ujumbe na akamfuata uani. Nilikuwa naanika nguo. "Bwana Zabroni, nakuomba kama ndugu. Wajibu. Waambie gari bovu, waambie umeugua, sema lolote. Muda unahesabika." Baba mdogo akamshika bega, akamwambia, "Mwalimu, wewe ni mtu mwema. Watakuja." Wazee wa Gwarama walichoka, wakarudi mashambani. Baba mdogo akaendelea kufagia uani kila asubuhi, viti vya wageni vimepangwa, na mimi utani wangu wote ulikauka. Nilijaribu mmoja wakati wa chakula, kwamba labda mkwe amepotea njia atazame Shemeji. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyenipiga kibao pia.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, na hapo ndipo panaponiuma. Fredi kwenye pikipiki, nyuma yake mtu mwenye kofia asiyesema. Baba mdogo alimpokea kwa mikono miwili. Mwakeye, na nyumbani, na watoto. Fredi akapiga makofi naye, akakosea mpigo, Bibi akafurahi kwamba angalau anajaribu. Mama mdogo alikuwa na kuku tayari. Tangu Nyamwiza arudi alikuwa na kuku tayari kila siku. Wakaketi sebuleni, gizani. Fredi akasema wazi, mimi ndiye niliyekuwa namnawisha mikono: "Mzee, nimetumwa kuchukua gari. Pole sana." Baba mdogo akasema, "Tutazungumza. Kula kwanza." Akala. Aliyekuwa na kofia akala zaidi. Mwalimu Mrisho akainama sikioni kwa baba mdogo, na hakunong'ona vizuri, wote tulisikia: "Hawa hawakuja kuomba radhi." Baba mdogo akajibu bila kumtazama, "Mwalimu, mgeni anakula."

Na mgeni anapokula, kwetu, hugombani naye. Hilo hata mimi mtundu sikuweza kulivunja. Fredi aliinua uso kwenye sahani, akasema, "Mama, nilikuwa naogopa kuja hapa. Nyumba nyingine tumefukuzwa kwa mapanga." Bibi akamjibu, "Sisi si watu wa hivyo, mwanangu." Naye kweli hakuwa mtu mbaya, nilitamani awe. Kazi ilimtuma kama mtihani unavyonituma mimi. Bibi akaenda ndani, akarudi na igiseke, kikapu kile cha mfuniko wa ncha anachopelekewa bibi harusi, amekijaza unga wa muhogo, ndizi na chupa ya mawese. Binti hatoki kwao mikono mitupu. Akakiweka mwenyewe ndani ya kichwa cha gari, katikati ya viti. Baba mdogo akavaa kofia yake ya safari, akatupa taulo shingoni, akasema ngoja apande, faini watazungumza huko huko kwa mkubwa wao. Fredi akapiga simu ofisini, wamfungue. Nyamwiza akawaka. Na kwenye usukani tayari alikuwa amekaa yule mtu wa kofia.

"Mzee, wewe baki," Fredi akasema, anatazama viatu vyake vya ncha. "Dereva yupo."

Baba mdogo alisimama palepale na taulo lake. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Klachi yake anaijua? Inataka upole." Yule mtu akaitikia kwa kichwa kwamba anaijua, akaikanyaga, gia ikalia, na baba mdogo akafumba macho. Wakatoka. Tulipoingia ndani sebule ilikuwa nyeupe, kila mfupa mezani unaonekana, na vumbi juu ya ile pampu, ambalo gizani hakuna aliyeliona. Mama mdogo akavuta pazia.

Gharama zao hazijarudi mpaka leo. Mwalimu Mrisho aliandika barua mbili kwa niaba yetu, halafu akahamishwa, na majibu, kama yalikuja, yalisema hesabu bado. Baba mdogo siku hizi anaendesha tela la mwenzake la mihogo, analima, yupo tu. Mama mdogo alitaka banda la kuku lijengwe pale uani palipobaki wazi, akakataa, na kuku wamebanwa karibu na choo. Pale panafagiwa. Doa la oili bado lipo, na yeye hufagia kulizunguka.

Nilirudi kutoka Kasulu nikamkuta hapohapo na ufagio. Nilikuwa nimejiapiza ndani ya basi kwamba sitasema. Nikasema. Nilitarajia aulize ni wapi, duka gani, nani dereva, labda avae kofia aende. Akaegemea ufagio.

"Alikuwa amebeba nini?"

"Saruji."

"Nyingi?"

Magurudumu yalikuwa yamebonyea, na vijana walikuwa bado hawajafika hata nusu. "Kiasi tu," nikasema. Si nilikuwa msemaji wa upande wa faida?

"Matairi?"

"Mapya."

"Moshi?"

"Sikuona moshi, baba."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mzazi aliyepokea salamu kutoka mbali. "Basi wanamlisha," akasema, na akaendelea kufagia.